PAPA: Neno Moja au Maneno Mengi?



Swali la somo letu limetoka kwa mmoja wenu. Ndugu yake amerudi kutoka Dar es Salaam, naye akamwambia hivi: «Huko pwani papa ni samaki mkali, mwenye meno kama msumeno, awezaye kumuua mtu. Mbona ninyi mnamwita mkubwa wa Kanisa lenu kwa jina la samaki huyo?» Mkatekumeni yule alikosa la kujibu. Alinyamaza, lakini moyoni alibaki na shaka, akidhani kwamba pengine jina hili lina siri ambayo waalimu wake hawakumwambia. Baadaye wengine wawili walikuja kwangu na swali lilo hilo.

Siri hakuna. Yule ndugu alisema kweli juu ya samaki, wala hakuwa mwongo. Kosa lake lilikuwa kufikiri kwamba maneno mawili yenye sauti moja ni lazima yawe neno moja. Kosa hilo huwapata hata watu waliosoma sana, na tutaona mbele kwamba laweza kuwapoteza watu katika mambo makubwa kuliko jina la samaki.

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Sisi tukaao karibu na maziwa hatujapata kumwona papa akiogelea, kwa sababu katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Kivu hayumo. Yeye ni wa bahari ya chumvi. Watu wa Unguja humvua, humkausha, nao humla kama sisi tulavyo samaki wetu. Basi «papa» wa kwanza ni huyo. Lakini sikilizeni: mtu aliyeshikwa na hofu husema, «Moyo wanipapa,» yaani moyo unapiga upesi upesi. Hapa papa ni kitenzi, wala samaki hayumo. Tena mtoto akiulizwa, «Uko wapi?» huweza kujibu, «Niko papa hapa.» Hilo la tatu limetoka katika «hapa», nasi tunairudia ile silabi ya mahali ili kukaza maana: mahali hapa hapa, si pengine. Haya ni maneno matatu yenye sauti moja katika lugha moja, na Mswahili hachanganyikiwi, kwa maana sentensi nzima humwonyesha njia. Hakuna asikiaye «moyo wanipapa» akakimbia kutafuta nyavu.

Kwetu Kongo lipo na la nne. Kwa kuwa Kifaransa kimeingia katika masemi yetu, mtoto humwita baba yake «papa», na hata mzee asiye jamaa yetu twamsalimu kwa heshima, «Jambo, papa.» Neno hili Wafaransa hawakulipokea kwa samaki wala kwa mtu wa Roma. Ni neno la watoto wao wadogo, walitamkalo wakiwa bado hawajui kusema vema.

Sasa tuje kwa jina la mkubwa wa Kanisa. Nitakaa hapa muda mrefu kidogo, kwa sababu njia ya neno hili ni ndefu, na sehemu yake moja ilipita Afrika.

Zamani sana mtoto wa Kigiriki alimwita baba yake «pappas». Halikuwa neno la vitabu. Lilikuwa neno la nyumbani, la mtoto aliye mapajani mwa baba yake. Wakristu waliosema Kigiriki wakalichukua wakamwita hivyo kiongozi wao wa sala, kwa upendo na heshima pamoja, kama vile sisi tumwitavyo «baba» mtu ambaye hakutuzaa. Hata leo katika vijiji vya Wagiriki padri wa kawaida huitwa «papas». Basi hapo mwanzo jina hili halikuwa la mtu mmoja peke yake.

Mji uliolitumia mapema kwa askofu wake ulikuwa Aleksandria katika Misri, yaani mji wa Afrika. Askofu Heraklas, aliyefariki karibu na mwaka 248, aliitwa «papa» na Dionisi, aliyekuwa askofu wa mji huo baada yake. Upande wa magharibi ulikuwapo mji wa Karthago, katika nchi iitwayo leo Tunisia, na askofu wake alikuwa Mtakatifu Sipriani. Mnamo mwaka 250 mapadri na mashemasi wa Roma walimwandikia barua, nao katika salamu walimwita «papa Sipriani». Fikirini jambo hilo! Askofu wa Roma, Mtakatifu Fabiani, alikuwa ameuawa mwezi wa Januari wa mwaka ule ule, na kiti chake kilikuwa bado kitupu. Watu wa Roma wenyewe walilitumia jina la papa kwa askofu wa Afrika, wala hakuna aliyeona ajabu.

Roma nako walianza kumwita askofu wao hivyo. Katika makaburi ya chini ya ardhi yaitwayo ya Kalisto limeonekana jiwe ambalo shemasi mmoja, jina lake Severus, aliandika kwamba alichimba mahali pale kwa ruhusa ya papa wake Marselino. Huyo Marselino alikuwa askofu wa Roma toka mwaka 296 hata 304. Angalieni: shemasi anasema «papa wake», kama mtu asemavyo «baba yangu». Baadaye, polepole, katika nchi za Kilatini jina likaachwa kwa askofu wa Roma peke yake, na mwaka 1075, katika siku za Papa Gregori VII, likaandikwa neno kwamba jina hilo ni moja tu duniani. Lakini huko Misri halikuachwa kamwe. Mkubwa wa Wakristu Wakopti huitwa Papa wa Aleksandria mpaka leo, na mwaka 1973 watu wawili wenye jina hilo, Paulo VI wa Roma na Shenouda III wa Aleksandria, walikutana Vatikano wakatia sahihi barua moja.

Wapo wasemao kwamba P-A-P-A ni herufi za kwanza za maneno manne ya Kilatini yenye maana ya «apokeaye mamlaka ya mtume Petro». Maneno hayo yapendeza masikioni, nami nimeyasikia yakifundishwa kwa nia njema, lakini si asili ya neno. Neno lilikuwapo vinywani mwa watoto wa Wagiriki kabla Petro hajazaliwa. Aliyebuni maneno yale manne alilikuta jina limekwisha kuwapo, akatafuta maneno ya kulivika.

Liko na neno jingine lifananalo na hili kwa maana, nalo ni «abba». Hilo ni la Kiaramu, lugha iliyosemwa Nazareti, wala Kiaramu hakina udugu na Kigiriki. Maana yake ni baba, nalo limeandikwa mara tatu katika Agano Jipya jinsi lilivyo, bila kubadilishwa. Kutoka kwa Waaramu lilipita kwa Wagiriki na kwa Walatini, likawa jina la mkubwa wa watawa, tena likafika kwa Wafaransa likawa «abbé». Nasi katika Kongo, padri mzalendo wa jimbo tunamwita nani? Twamwita Abbé! Basi kila mkimsalimu hivyo, midomo yenu hutamka neno lililotoka Palestina, likasafiri kwa miguu ya watu kwa miaka karibu elfu mbili. Na tukisema «Padri», tunasema neno la Wareno, «padre», ambalo nalo ni baba. Majina ni matatu, njia ni tatu, na maana ya asili ni moja.

Tazameni sasa upande wa pili, ambako sauti ni moja na maana zatengana kabisa.

Ng'ambo ya bahari kubwa, katika milima ya Peru, wakaa watu wasemao Kikechua. Kwao «papa» ni kiazi, kile kiazi cha mviringo tulimacho Kivu. Chakula hicho asili yake ni milima yao, walikilima maelfu ya miaka kabla mtu wa Ulaya hajakijua, tena wanazo aina zake nyingi kupita kuhesabu kwa vidole: nyeupe, nyekundu, nyeusi, zambarau. Wahispania walipoingia Peru mwaka 1532 walikuta neno hilo wakalichukua pamoja na kiazi. Lakini katika visiwa walivyofika kwanza, mwaka 1492, walikuwa wamekwisha kujifunza neno jingine, «batata», lililokuwa jina la kiazi kitamu. Watu wa Hispania wakayachanganya, wakasema «patata». Wareno waliendelea na «batata», na kutoka kwao Waswahili wakapata «mbatata». Hivyo kiazi cha mviringo kimekuja Afrika na jina la ndugu yake wa mbali!

Sasa Mhispania wa Amerika ana kazi ya kutenga maneno matatu. Akisema «el papa», ni Baba Mtakatifu. Akisema «la papa», ni kiazi. Akitia mkazo mwishoni, «papá», ni baba aliyemzaa. Kineno kidogo kinachotangulia, au mkazo wa sauti tu, watosha kumtenga askofu na chakula. Mwitaliano naye ana «papa» wa Roma, na «papà» wa nyumbani, na «pappa», ambao ni uji wa mtoto.

Nendeni mbali zaidi, mpaka visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Wamaori wa Nyuzilandi husema «papa» kwa kitu kilicho bapa: ubao, mwamba uliolala, sakafu ya udongo, ardhi. Katika masimulizi yao ya kale ardhi ilikuwa mama wa vitu vyote, jina lake Papatūānuku, na mumewe alikuwa mbingu, Ranginui. Basi kwa watu hao Papa ni mama! Mtu akiwaendea na sauti hii, akidhani kwamba kila mahali ni baba, atapotea tangu neno la kwanza.

Lakini ajabu yangu kubwa ni Wageorgia. Nchi yao iko chini ya milima ya Kaukazi, nao walipokea Ukristu tangu karne ya nne. Lugha yao haina udugu na Kigiriki, wala Kilatini, wala Kirusi cha majirani zao. Kwao baba huitwa «mama». Mama huitwa «deda». Na «papa» ni babu. Padri wao humwita «mamao», na Sala ya Bwana katika lugha yao huanza na neno lilo hilo. Mgeorgia akipiga magoti akasema «mamao», anamwita Baba aliye mbinguni. Mgeni asiyejua angedhani kwamba anamwita Bikira Maria.

Mtauliza: ikiwa lugha hizi hazina udugu, mbona sauti za papa, baba, mama na tata zaonekana pote kwa ajili ya wazazi? Wachina husema «baba» kwa baba, na Waturuki vilevile, nao hawakujifunza kwetu, wala sisi hatukujifunza kwao. Walingala na Wakongo husema «tata». Waromania na Wapolandi, walio Ulaya, husema vivyo hivyo.

Jibu mlitafute katika kinywa cha mtoto mchanga. Mwanachuoni mmoja aliyezaliwa Moscow, Roman Jakobson, alilieleza vema katika maandiko yaliyochapishwa mwaka 1960. Alitumia maneno zaidi ya elfu moja ya kuwaita baba na mama, yaliyokusanywa katika lugha nyingi za dunia. Mtoto anyonyapo, midomo yake imefungwa juu ya ziwa, na sauti hutokea puani: mmm. Baadaye akitaka chakula, au akimtaka yule ampaye chakula, hutoa sauti ile ile, akifungua kinywa huwa «ma». Sauti za p, b na t nazo ni nyepesi kwake, kwa sababu midomo au ncha ya ulimi yatosha. Mtoto mwenyewe hajui bado kwamba anasema neno. Wazazi ndio wanaolipokea: mama husema, «Ananiita mimi!», na baba husema, «La, ananiita mimi!» Watu wengi wamempa mama sauti ya m na baba sauti ya p, b au t. Wageorgia wamefanya kinyume. Mtoto ni yule yule pote. Lakini maana hutolewa na wakubwa.

Wala hatuna haja ya kusafiri mpaka Kaukazi ili kuona kinyume hicho. Waluba wa Kasai humwita baba «tatu», na mama humwita «baba». Katika darasa langu mtoto mmoja ambaye wazazi wake walitoka Kasai alisema, akiwa bado mgeni wa Kiswahili, kwamba baba yake anamnyonyesha mdogo wake. Darasa zima likacheka mpaka machozi. Tangu siku ile hakufungua kinywa kwa majuma mengi, hata sala za asubuhi alizisema kimoyomoyo. Wenzake hawakuwa wabaya; walidhani tu kwamba lugha yao ni kipimo cha lugha zote. Niliwauliza: «Je, mkienda Kasai mkihesabu moja, mbili, tatu, wenyeji wakawacheka kwa kuwa mmeanza kuhesabu wazee?» Ndipo walipofahamu.

Nimesema kwamba kosa hili laweza kupoteza watu katika mambo makubwa. Hapa na pale huja mtu na vitabu vyake, akawaambia wanakijiji: «Neno hili la kabila lenu lafanana na neno la Kiebrania. Basi wazee wenu walitoka Israeli, na ninyi si kama hao majirani zenu.» Wengine hufurahi sana, hutoa hata fedha. Na tangu hapo huanza kuwadharau wale majirani ambao kwa kweli ni ndugu zao. Mkikutana na mtu kama huyo, mpeni neno «papa» ampime nalo. Watu wa Peru na Wamaori wana neno moja kwa sauti; je, kiazi na ardhi ni ukoo mmoja? Na Mswahili avuaye papa, je, babu yake alitoka Roma? Neno moja halithibitishi kitu. Kinywa cha binadamu kina sauti chache, na lugha ni maelfu, hivyo haina budi maneno kukutana njiani bila kujuana.

Udugu wa kweli wa lugha huonekana kwa njia nyingine. Hesabuni: Kiswahili husema tatu, nne, tano. Lingala husema misato, minei, mitano. Waluba wa Kasai husema isatu, inayi, itanu. Hapa si neno moja lililookotwa. Ni maneno mengi ya maisha ya kila siku, tena tofauti zake hufuata kanuni: mahali ambapo sisi tuna t katika «tatu», hao wengine wana s katika silabi ile ile ya kwanza ya shina. Kwa kutazama mambo kama hayo Wilhelm Bleek alizipa lugha hizi jina la Kibantu mwaka 1862, na Carl Meinhof akaandika kanuni za sauti zake mwaka 1899. Basi udugu upo kati yetu na mtoto yule wa Kasai aliyechekwa, ingawa «baba» wake si «baba» wetu. Na kati yetu na Wachina haupo, ingawa «baba» wao ni «baba» wetu.

Kwa hiyo mkisikia neno lifananalo na lenu, ulizeni kwanza ni la watu gani, kisha lina maana gani katika sentensi zao, kisha limefika kwa njia ipi. Huenda lilikopwa, kama «abbé» lilivyokopwa. Huenda lilizaliwa kinywani mwa mtoto, kama «papa» wa Wagiriki. Na huenda sauti zilikutana tu, kama samaki wa Unguja na kiazi cha Peru. Yule ndugu aliyetoka Dar es Salaam anaweza sasa kujibiwa bila hasira na bila aibu.

KAZI YA NYUMBANI. Someni sentensi hizi, kisha mseme «papa» ni nini katika kila moja: «Wavuvi wa Unguja wamempata papa.» «Papa Fransisko alifika Kinshasa mwaka 2023.» «Papa, nipe ruhusa niende sokoni.» «Alipomwona nyoka moyo wake ulipapa.» «Kisima kiko papa hapa.» Kisha mtafuteni mtu asemaye Lingala, mkamwulize maana ya «moto». Atawajibu kwamba ni mtu, ingawa kwetu moto huunguza. Mwulizeni tena jinsi wao wanavyouita ule uunguzao, nanyi msikilize sana namna anavyolitamka neno hilo.